Karani na Waifai ya Mwanawe

Kwenye mlima wetu, huku juu ya Ekerenyo, ilikuwa vigumu sana mtu kuzikwa na uongo. Si kwamba sisi ni watakatifu. Ni kwa sababu kila historia ya marehemu ilipitia kwa Karani wa kanisa kabla ya kupelekwa kuchapishwa, na Karani alikuwa na daftari. Familia ingekuja na karatasi yao inayosema kwamba baba alikuwa mshiriki mwaminifu aliyelipenda kanisa hadi pumzi ya mwisho. Karani angefungua daftari lake jeusi, apitishe kidole, kisha aseme kwa upole wa kuudhi kwamba mzee huyo alionekana kanisani mara ya mwisho siku ya harusi ya binti yake, na hata siku hiyo aliondoka kabla ya sadaka. Angependekeza waandike kwamba marehemu alilipenda kanisa kwa mbali. Na ingeandikwa hivyo hivyo. Nimeisikia kwa masikio yangu ikisomwa kaburini, watu wazima wakikohoa ili wasicheke.

Mimi nilikuwa jirani yake. Shamba letu na lake yametenganishwa na mstari wa migomba ambao kila mwaka husogea kidogo upande wetu, na hakuna mtu aliyewahi kuuona ukisogezwa. Nafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari upande wa Sironga, kwa hiyo nilimfahamu kwa njia mbili. Nikiwa mtoto, alikuwa mzee aliyenigonga kichwa kwa kitabu cha nyimbo nikisinzia ibadani. Nikiwa mtu mzima, alikuwa mzee aliyenipigia simu kila mashine yake ilipokohoa.

Jina lake silitaji, na sidhani litakosekana. Kila mtu alimwita Karani, mkewe akiwemo. Alikuwa ameishika kazi hiyo ya kuandika majina ya washiriki, barua za uhamisho, ubatizo na vifo kwa muda mrefu kiasi kwamba wachungaji walikuja na kuhamishwa yeye akiwa palepale, na kila mchungaji mpya alielekezwa kwake kwanza, halafu kwenye choo.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na hakuona haya. Chukua chai. Alikuwa na ekari nzuri za chai, chai ya kijani kibichi iliyopogolewa sawasawa juu kama meza, na alichuma mwenyewe akiwa na kikapu mgongoni hata baada ya magoti yake kuanza kulalamika. Lakini kuinywa, hapana. Alitufundisha kwamba majani ya chai huamsha tamaa za mwili. Nilipomuuliza iweje basi awauzie watu tamaa za mwili kwa kilo, alisema yeye huuza majani, na mtu akienda kuyachemsha huo ni uamuzi wake. Kisha siku moja nikamkuta nyuma ya jikoni na kikombe chenye rangi isiyokuwa ya maziwa wala ya uji. Alinitazama bila kupepesa. Akasema ni dawa ya kichwa. Nikamuuliza kichwa kinamuuma tangu lini. Akasema tangu nilipofika.

Au chukua lugha. Na mkewe na ng'ombe alizungumza Ekegusii. Mambo ya kanisa yote aliyafanya kwa Kiswahili, kile cha Biblia na taarifa ya habari, hata akiongea na mtu aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwake. Kompyuta aliihesabu kuwa jambo la kanisa. Kwa hiyo alipoikasirikia, aliikemea kwa Kiswahili sanifu, huku akiiita kipakatalishi, neno ambalo sisi wengine tumeliona tu kwenye mitihani.

Hicho kipakatalishi kilikuwa laptopu nene, nyeusi, yenye uzito wa debe la mahindi mabichi. Alipewa na ofisi aliyokuwa akifanyia kazi ya kupiga chapa alipostaafu, na tayari wakati huo ilikuwa imezeeka. Herufi mbili zilikuwa zimetoka kwenye kibodi, na badala yake alibandika vipande vya karatasi alivyoandika kwa kalamu. Betri ilikufa zamani, hivyo umeme ukipotea, Karani naye alipotea katikati ya sentensi. Ilipohitaji intaneti, alichomeka kile kijimodemu chembamba cha pembeni na kusubiri akisoma Zaburi. Alisema amewahi kumaliza ile ndefu yote kabla barua pepe moja haijafunguka, na kwamba hilo ni faida mbili kwa mpigo.

Ndipo ikaja barua. Makao ya kanisa ya eneo letu yalitangaza kwamba orodha zote za washiriki zitaingizwa kwenye mtandao, jina kwa jina, kila karani aingize za kanisa lake. Tarehe ya mwisho ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Karani ambaye orodha yake haitakuwa imekamilika siku hiyo angekabidhi daftari kwa mtu mwingine anayeweza. Barua ilisema hayo kwa lugha ya upendo mwingi, lakini maana ilikuwa hiyo. Karani aliisoma mara mbili mbele yangu, akaikunja, akaiweka ndani ya daftari. Sijawahi kumwona akiogopa kitu, hata nyoka wa kwenye majani ya chai. Siku hiyo aliogopa, na mimi niliogopa kwa ajili yake, kwa sababu sikuweza kumfikiria mtu huyu akiwa si karani. Angekuwa nani? Angekuwa mzee tu mwenye migomba inayotembea.

Kile kijimodemu hakingefaa. Tulijaribu, ukurasa ukaishia katikati. Nilimwambia aende saiba pale sokoni Ekerenyo, tumalize siku mbili. Alikataa. Alisema ndani ya daftari lile mna nani alibatizwa akiwa na mimba, nani alikatazwa meza ya Bwana na kwa nini, na hataenda kulifunua mahali ambapo watu wanasubiri kuprinti picha za pasipoti. Nikamwambia tutumie laptopu yangu. Akasema laptopu yangu ina miziki.

Intaneti ya kweli, ya haraka, ilikuwa karibu kufungwa hatua thelathini tu kutoka mlangoni pake. Na hapo ndipo penye shida.

Karani alikuwa na mwana mmoja aliyebaki nyumbani. Huyo alijenga nyumba ya mawe katika boma lilelile, upande wa chini, ikiwa na paa la vigae na madirisha makubwa. Aliijenga kwa pesa za baa. Alikuwa ameifungua huko Masimba, kando ya barabara, na ilimwendea vizuri sana, maana madereva wana kiu. Kanisa letu halina utani na biashara ya pombe. Jambo lililetwa mbele ya washiriki, na kwa utaratibu, karani ndiye anayesoma jina, kisha ndiye anayehesabu mikono ya wanaokubali mtu aondolewe. Nilikuwepo. Alilisoma jina la mwanawe kwa sauti ileile aliyosomea matangazo ya kuosha kanisa. Akahesabu mikono mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikosea, na huyu mtu hakuwa anakosea. Mkono wa mkewe haukuinuka. Wangu uliinuka, na mpaka leo sijui ulipandishwa na nini. Kisha akaketi, akaandika.

Tangu hapo baba na mwana walisalimiana kwa adabu kamili na kutoambiana lolote. Na hata kama wangetaka kuambiana, mila ilikuwa imewasaidia kunyamaza. Kwetu Abagusii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni chinsoni, ile heshima yenye haya ndani yake, na siku hizi wengi wanaichukulia kirahisi, wanaingia, wanakalia viti, wanatazama mpira. Karani hakuwa miongoni mwao. Nyumba ile ilikuwa na miaka mitano naye hakuwahi hata kukanyaga ngazi yake.

Sasa mwana alipoamua kuweka waifai, alimtumia babake ujumbe kupitia kwa mamake kwamba ruta iwekwe kwa mzee, ili yeye ndiye apate nguvu zaidi. Lilikuwa jambo la heshima. Karani alijibu kwamba chombo kilichonunuliwa kwa pesa za bia hakiwezi kulala chumba kimoja na vitabu vya kanisa. Ruta ikawekwa kwa mwana, sebuleni. Nilimuuliza Karani kama atakubali basi kutumia mawimbi yake. Akasema chombo ni cha aliyekinunua, lakini mawimbi yanapita hewani, na hewa ni ya Mungu. Nilimwambia angefaa kuwa wakili. Alisema alikosa karo.

Fundi aliyekuja kuifunga alitoka Kisii mjini, kijana mwenye haraka na viatu vyeupe. Simu zote za bomani zilishika mtandao, hata ile ndogo ya mkewe Karani, ambaye siku hiyohiyo alianza kutazama mapishi na hajarudi kuwa mtu yule wa zamani. Laptopu ya Karani haikuona kitu. Fundi aliigeuza, akaifungua, akaifunga.

"Mzee, hii kitu imezeeka sana," akasema. "Hii ni ya kuwekwa tu, watu waone."

Karani akamwambia kwamba yeye pia amezeeka na bado anaona. Fundi akapendekeza njia ya mkato, waya mrefu utoke kwa ruta kule kwa mwana, upite dirishani, uvuke uwanja, uingie kwa laptopu. Ingefanya kazi, na mimi nilifurahi. Karani akatuma tuitiwe wazee wawili wa jirani.

Nilikaa kwenye kikao hicho saa nzima nikinywa uji. Swali lililokuwa mezani lilikuwa kwamba ikiwa baba ameshika kitu upande huu, na kitu hicho kimeingia sebuleni kwa mwanawe upande ule, je, baba hajaingia? Mzee wa kwanza alisema hajaingia, maana miguu iko nje. Mzee wa pili alisema inategemea kama waya una kitu kinachopita ndani, na wakaniuliza mimi kama mtaalamu. Nikasema ndiyo, majina yatapita. Wakatazamana. Mkewe Karani alikuwa mlangoni, akakumbusha kwamba waya wa stima umeunganisha nyumba hizo mbili miaka yote na hakuna aliyelaaniwa. Akaambiwa stima ni ya serikali. Waya ukakataliwa kwa kauli moja, fundi akapanda pikipiki akaenda zake, na sisi tukabaki na siku tisa, ukiondoa Sabato.

Nakiri kwamba jioni mbili za kwanza nilitia aibu taaluma yangu. Niliizima laptopu na kuiwasha. Nilifuta programu ya waifai nikaiweka upya. Nilitafuta makosa ndani kabisa ya mashine, mahali ambapo hata mtengenezaji mwenyewe amekwisha kusahau, huku Karani ameketi nyuma yangu akihema puani. Kila mara iliniambia kwamba waifai imezimwa. Kila mara niliiwasha, nayo ikazimika. Jioni ya tatu niliinua laptopu nimwage makombo ya mkate, na kidole changu kikagusa kitu kwenye ukingo wa mbele. Kilikuwa kipande cha plasta, ile ya kufungia vidonda, imebadilika rangi kwa uchafu. Niliibandua. Chini yake kulikuwa na swichi ndogo ya kutelezesha, ya kuwashia na kuzimia waifai, kama zilivyokuwa laptopu za zamani. Ilikuwa imezimwa.

"Tata," nikamwambia, neno letu la baba, "nani aliweka hii?"

Akasema ni yeye. Miaka mingi nyuma, mhubiri mmoja mgeni aliwaeleza kwamba mashine hizi hazipumziki, kwamba hata ukizifunga zinaendelea kuzungumza na mashine nyingine hewani. Karani hakulala vizuri. Amri inasema wewe, na mwanao, na binti yako, na mnyama wako, na mgeni aliye ndani ya malango yako. Na kama ng'ombe anapumzika Sabato, kompyuta ni nani? Ijumaa iliyofuata, jua likikaribia kuzama, alitafuta swichi, akaizima, akaifunga kwa plasta ili isijiwashe yenyewe kwa bahati mbaya. Kisha kwa kuwa alikuwa akitumia kijimodemu, hakuihitaji tena. Sabato ile ikaendelea kwa miaka.

Nilicheka mpaka nikaweka kichwa mezani. Karani hakucheka. Aliniambia kwa utulivu kwamba hakuna mashine nyingine katika kata nzima iliyopumzika vizuri kiasi hicho, na pengine ndiyo sababu bado inafanya kazi wakati za wenzake zimekufa.

Taa ndogo ya buluu ikawaka, lakini furaha yetu ilikuwa fupi. Mtandao wa mwana haukuonekana bado. Ule wa shule ya jirani ulionekana kwa mbali, wa mwana hatua thelathini hapo chini, hakuna. Sasa angalau nilijua ninachotafuta. Ruta hizi mpya hutangaza kwa masafa mawili, moja la kasi na moja la polepole linalofika mbali na kupenya kuta. Fundi kwa haraka yake alikuwa ameacha lile la kasi peke yake. Laptopu ya Karani iliundwa kabla ya hilo kuenea, hivyo lilikuwa linaipita kama sauti ya popo. Dawa ilikuwa kuingia kwenye mipangilio ya ruta, kuwasha masafa ya polepole, na kuchagua ulinzi wa nywila wa aina ya zamani ambao mashine ingeuelewa. Na hayo yalipaswa kufanywa kule chini.

Nilishuka peke yangu. Karani alinisindikiza hadi nusu ya uwanja, akasimama mahali ambapo daima alisimama. Mwana alinifungulia. Alikuwa mtu mpole kuliko baba yake, mwenye tumbo la mwenye baa na macho ya mamake. Tuliketi kwenye kochi lake kubwa tukafungua mipangilio kwa simu yake, na kila hatua niliyomweleza aliirudia polepole, kama anayeogopa kuharibu. Tulipofika mahali pa kuupa mtandao mpya jina, nilimwambia aweke lolote. Ule wa kwanza aliuita jina la baa. Huu wa pili akauandikia neno moja, Karani.

Niliporudi juu, mzee alikuwa ameinama mbele ya skrini dirishani, penye cherehani ya mkewe, mahali mawimbi yalipofika vizuri. Neno lilikuwa hapo, juu ya orodha. Aliligusa kwenye kioo kwa ukucha.

"Ni nani ameandika hivi?"

"Yeye mwenyewe."

Akasema ameandika vizuri. Kisha akaniomba nimsomee nywila.

Tulikuwa na siku sita. Kila jioni nikitoka shuleni nilikaa kando yake nikisoma kutoka daftari jeusi, naye akipiga chapa, akisimama mara kwa mara kunisimulia watu. Huyu alibatizwa mara tatu kwa sababu kila mara alisahau kwamba aliwahi. Yule alihamia Nakuru na barua yake ya uhamisho bado iko kwenye droo, kwa hiyo kwa mujibu wa mbingu hajaondoka Ekerenyo. Kwa kila jina, fomu ilitaka hali ya mshiriki, na ilitoa maneno manne tu ya kuchagua. Yupo. Amehama. Amefariki. Ameondolewa. Bila kuchagua moja, orodha nzima haikukubali kufungwa.

Jioni ya pili nilifika kwenye jina la mwanawe. Nilianza kulisoma.

"Ruka," akasema.

Nikaruka. Tukaendelea. Tulikuwa na mamia ya majina na sikuona haraka ya kusema neno. Alhamisi tulibakiza kurasa tatu. Ijumaa niliomba ruhusa shuleni nikaja saa nane. Kufikia saa kumi na moja na nusu tulikuwa tumemaliza watu wote wa mlima ule, walio hai na waliolala, isipokuwa mmoja. Jua lilikuwa juu ya mikaratusi ya ng'ambo. Likishuka nyuma yake ni Sabato, na Karani hakuwa wa kugusa mashine dakika moja baada ya hapo, hata kama malaika angemshikia tochi.

Nilimwambia kwa upole kwamba kazi iliyobaki ni ya kubonyeza mara moja. Neno lenyewe alikwisha kuliandika kwa mkono wake, liko daftarini, wala hakuna atakayemlaumu kwa kulinakili. Nilikuwa nataka abaki karani, na nasema wazi kwamba sikuwaza kitu kingine. Alisogeza mshale mpaka kwenye neno la nne. Akauondoa. Kisha akaniomba nimwite yule wa chini.

Mwana alikuja akasimama nje ya dirisha, mikono nyuma, kama alivyokuwa akisimama utotoni akiwa na kesi. Baba yake hakumtazama moja kwa moja. Alitazama skrini.

"Nikuandike nini?"

Mwana aliniangalia mimi, akamwangalia mamake aliyekuwa anakuja na kuni. "Si uliandika, tata. Zamani."

"Wakati ule sikukuuliza. Sasa nakuuliza."

Kuku walikuwa wanaingia. Nilikuwa na hasira na wote wawili, kwa muda unaokwenda na kwa miaka iliyokwenda, na kwa mkono wangu mwenyewe siku ile.

"Sijui, tata," mwana akasema. "Mimi niko tu hapa."

Karani akageukia fomu akaanza kuyasoma yale maneno manne tena, moja moja, kwa sauti, akitafuta lile alilosikia. La kwanza lilikuwa karibu, lakini yeye alijua kanuni kuliko wachungaji. Hilo halirudishwi na karani, hurudishwa na kura ya washiriki na maji ya ubatizo, na ingekuwa uongo. La nne lilikuwa kweli, na kidole chake kilikataa. Alikaa hivyo mpaka mwanga ukatoka kwenye mikaratusi. Halafu akahifadhi kazi, akazima mashine, akaifunika kwa kitambaa chake, akamwambia mwanawe, "Sabato njema." Mwana akaitikia. Nilikuwa sijawasikia wakiambiana hivyo tangu ile siku ya kuhesabu mikono.

Wiki iliyofuata alikabidhi daftari. Kanisani walisema ni ile laptopu. Mzee wa kanisa alieleza mimbarani kwa huzuni kwamba Karani wetu mpendwa alijitahidi, ila mashine ya zamani haikuweza kushirikiana na teknolojia ya kisasa, na watu wakatikisa vichwa, wengine wakacheka, maana laptopu hiyo walikuwa wakiicheka siku zote. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo kusema kwamba ilishika mtandao vizuri kabisa, kwamba majina yao wote niliyasoma mimi na yakaingia. Karani, benchi la mbele yangu, aligeuza shingo kidogo tu. Nikafunga mdomo. Alimwachia mzigo huo rafiki yake wa chuma, aliyemtetea miaka yote.

Karani mpya ni mama mmoja muuguzi, mchangamfu, mwenye tableti inayong'aa. Ana watoto wanne na zamu za usiku, na hana muda wa kujua nani alifanya nini zamani. Alikuta orodha imebakisha nafasi moja wazi, akaijaza, akaifunga, akapongezwa.

Miezi miwili baadaye orodha ilichapishwa na kubandikwa ukutani, kando ya mlango wa kanisa, ili kila mtu athibitishe. Nilifika mapema Sabato hiyo nikamkuta mzee amesimama mbele yake peke yake, miwani imeshuka puani, kofia mkononi. Kidole kilikuwa kinateremka jina kwa jina. Nilisimama kando yake nikasoma pamoja naye, kama tulivyozoea. Kidole kilifika kwenye jina la mwanawe, na mbele ya jina palikuwa na neno la kwanza, lile ambalo fomu imeliweka juu kabisa, la kubonyezwa na mwenye haraka. Yupo.

Kidole kilikaa hapo. Watu walianza kuingia langoni, wakituamkia, naye akawaitikia bila kukiondoa. Nilijua anachokijua. Hakukuwa na kura, hakukuwa na maji. Mtu mwingine yeyote mlimani asingeona, yeye aliona.

"Kemunto," akaniita. "Umeona kosa lolote?"

"Sijaona, tata."

"Hata mimi sijaona," akasema, akavaa miwani vizuri, tukaingia.